Amina Iliyolisha Ndege

Mahurunga,
Mtwara.
5 Septemba 1976

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, shuka begani, unagombana na baridi ya Mbinga ambayo mimi huku nimeshaisahau. Nakusalimu wewe, namsalimu mama, namsalimu mdogo wangu Esta na vituko vyake, nawasalimu wanakwaya wote, hata wale wa sauti ya tatu wanaochelewa kuingia. Vidole vyako vinaendeleaje? Esta aliniandikia kuwa asubuhi haviwezi hata kufunga kifungo cha shati, na kwamba mama akijaribu kukusaidia unamkemea. Mwache akusaidie, Baba. Mimi huku nakula, nalala na nafundisha vizuri. Lipo jambo moja la afya yangu nitakalokueleza huko mbele, lakini usiruke kurasa kulitafuta, maana nakujua.

Barua yako niliipokea, na nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nimefurahi mno kusikia kuwa parokia imepata kinanda kipya, chenye safu mbili za vibonyezo na mabomba yanayofika darini. Umeandika kuwa Padre alipouliza nani atakipiga, sasa kwa kuwa mikono yako imekataa, ulijibu kabla hajamaliza kusema kuwa yuko mwanao Yustina, mwalimu huko Mtwara. Umeandika kuwa Padre yuko tayari kuniombea uhamisho, kwamba kiti ni changu, na kwamba unachotaka kutoka kwangu ni jibu moja kabla ya Majilio. Jibu ninalo. Lakini nikikuandikia jibu peke yake utadhani binti yako ameota mapembe, au amepata mchumba wa pwani anayemzuia. Kwa hiyo nivumilie nianze mwanzo.

Sijasahau nilivyokaa kwenye kile kiti mara ya kwanza. Watu walisema haifai mtoto wa kike kukanyaga kinanda mbele ya altare, miguu ikipanda na kushuka namna ile. Wewe uliwaambia kuwa anayetazama miguu wakati wa sala ana shida yake na aende akaungame. Nilicheka moyoni siku nzima. Halafu ukanifundisha kwa rula, na vifundo vya vidole vyangu vinakumbuka. Kosa ulilolichukia kuliko yote lilikuwa kurudia. Ulisema mpiga kinanda anayerudia mstari bila kuandikiwa ni mtu aliyepotea njia na anaona haya kuuliza. Nataka ulikumbuke neno hilo unaposoma haya yafuatayo, na usinikasirikie.

Nilipofika hapa mwanzoni mwa mwaka jana, kijiji kilikuwa bado kinanuka miti mibichi. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya kale, nyumba zimepangwa mistari, na kila mtu alikuwa bado anajifunza jirani yake ni nani. Kanisa letu ni dogo, la miti na udongo, na ndani yake mna kinanda kidogo cha kukanyaga kilichoachwa na mapadre wa zamani. Waislamu ni wengi kuliko sisi na tunaelewana. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shaibu, alinipokea vizuri. Aliposikia kuwa mwalimu mpya anajua muziki, alisema hilo ni jema sana, kwa sababu shamba la mpunga la kijiji linahitaji watu wa kupiga kelele.

Nilidhani ananitania, lakini hakuwa anatania. Shamba la ujamaa liko bondeni, karibu na mto Ruvuma, na mpunga ukianza kushika punje ndege hushuka kwa makundi. Walimu na wanafunzi tunapangiwa zamu za kuwafukuza. Mimi nikapangwa kwenye kichanja kimoja na mama wa Kimakonde anayeitwa Rozalia, ambaye alivuka mto wakati wa vita vya Msumbiji, yeye, mumewe na dada yake. Huko kwao ndege na tumbili hawafukuzwi kwa kupiga madebe. Hufukuzwa kwa dimbila.

Dimbila ni vibao vichache vya mti mwepesi, vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji ni wawili, wanakaa wakitazamana, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na wote wanapiga vibao vilevile. Mmoja anashika. Maana yake anapiga kamstari kafupi, sauti tatu au nne tu, na hakaachi. Mwingine anaingia kwenye nafasi zilizobaki katikati, anaweka sauti zake pale ambapo mwenzake hakugonga. Ukisikiliza kwa mbali huwezi kujua nani amepiga nini. Dada yake Rozalia ndiye aliyekuwa akikaa upande wa pili, na alikuwa amefariki Krismasi iliyotangulia. Nilipomkuta, Rozalia alikuwa ameshika peke yake, anapiga na kuacha nafasi, anapiga na kuacha nafasi, na hakuna aliyekuwa anaingia. Nilitazama pembeni maana machozi yalinilenga.

Siku hiyohiyo alinipa fimbo mbili, akaniambia nikae. Nilijiona fundi. Mimi niliyepiga misa za sauti nne, vibao hivi vinishinde? Nikaingia na kuanza kupamba, hapa napanda, pale nashuka, na Rozalia amekaza macho kwenye fimbo zake, hacheki wala hanuni. Baada ya muda nikaona wimbo umetosha. Nikafanya kama ulivyonifundisha: nikapunguza mwendo, nikapiga ile Amina nzuri ya mwisho, nikaweka fimbo chini na kukunja mikono. Rozalia alishtuka akaacha naye. Bonde zima likanyamaza. Ndege waliokuwa wamejaa kwenye miti ng'ambo wakashuka wote kwa pamoja, na kabla hatujapata akili walikuwa wamemaliza kona nzima ya shamba, ile yenye mpunga mzuri kuliko yote.

Mzee Shaibu alikuja kuangalia hasara. Rozalia alimweleza kilichotokea, na mzee akanitazama, nami natafuta pa kuficha uso. Kisha akasema yeye si Mkristo lakini anajua kwamba kwetu watu hawali mpaka mtu aseme Amina. Mwalimu amewaombea ndege chakula, alisema, nao wameitikia. Wiki hiyo watoto wote shuleni walikuwa wakikaribia chakula cha mchana wananitazama mimi kwanza. Mpaka leo yuko mama mmoja hapa anayeniita Mama Amina.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, Baba. Ule wimbo haukutakiwa kufika popote. Kazi yake ilikuwa kuwapo. Rozalia aliniambia nirudi, lakini safari hii nishike mimi, nisipambe, na nisibadilishe kitu mpaka mwili wenyewe ubadilishe. Nilipiga sauti tatu asubuhi nzima. Mwanzoni nilichoka, nikakasirika, kisha nikasahau kama nimekasirika. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye misa zote ulizonifundisha. Zile sauti tatu zilikuwa zinageuka zenyewe. Rozalia aliongeza moja tu upande wake, na wimbo mzima ukawa mwingine, ingawa mikono yangu ilikuwa palepale. Nilikumbuka rula yako. Nikasema moyoni, Baba nisamehe, sijapotea, niko hapahapa.

Nilianza kuyapeleka hayo kwenye kinanda cha kanisa. Wakati wa matoleo, badala ya kuharakisha nyimbo tatu, nilishika kamstari kamoja kwa mkono wa kushoto, do na so na la, na mkono wa kulia unaingia taratibu kwenye nafasi. Katekista wetu alinifuata baada ya ibada na kuniuliza kwa upole kama kitabu changu kimepotea. Mama mmoja alisema alisinzia, mwingine akasema alimkumbuka mwanawe aliyezikwa kule kijiji cha zamani, na kwamba ameshukuru kwa sababu tangu wahamishwe hakuwa amepata muda wa kumlilia. Jumapili iliyofuata Mzee Shaibu alipita nje na baiskeli, akasimama, akakaa kwenye benchi lililo chini ya dirisha mpaka nilipomaliza. Aliniambia hakuja kwa ajili ya dini bali kuhakikisha kuwa simalizi mapema.

Basi tukaishi hivyo, nami nikawa na furaha niliyoshindwa kukuandikia kwa sababu niliogopa utanicheka. Mwezi wa Januari mwaka huu nikaugua homa, ile kali ya wakati wa mvua. Nilikuandikia kuwa nilikuwa na malaria kidogo. Haikuwa kidogo. Rozalia alilala sakafuni kando ya kitanda changu mpaka nilipoweza kushika kikombe. Nilichomwa sindano za kwinini, na masikio yakavuma kwa muda mrefu, kama mtu anayekaanga dagaa chumba cha pili. Kila mtu alisema kwinini ndivyo ilivyo, kelele itaondoka. Na kweli iliondoka. Nilimshukuru Mungu nikarudi darasani.

Baada ya hapo kinanda kilianza kufa. Unyevu wa huku ni adui wa vinanda, hilo unalijua. Vibonyezo vya juu kabisa vilianza kunyamaza, halafu vilivyofuata, halafu vilivyofuata tena, mpaka nikabaki na vya katikati na vya chini. Sikuhuzunika sana. Nilijiambia kuwa Mungu alikuwa ameniandaa kwa dimbila, maana nilikuwa nimeshajifunza kuishi na sauti chache. Nilitunga nyimbo zangu zote za mwaka huu kwa vile vilivyobaki, na nakwambia bila majivuno kuwa ni nzuri. Hata msimu wa mpunga ulipofika niliona mambo yamekuwa mepesi. Ndege walikuwa kimya siku nzima. Nilimwambia Rozalia kuwa dimbila letu limewatia adabu, naye akaniambia tu kwamba safari hii afadhali tubadilishane nafasi, yeye akae upande wa kutazama shamba.

Mwezi uliopita akaja Bruda Paulo, fundi wa vinanda anayezunguka makanisa ya kusini. Ni mzee wa Kijerumani anayeongea Kiswahili cha kuchekesha lakini safi. Alipokwisha kunywa uji nikampigia moja ya nyimbo zangu ili asikie kinanda kilivyo. Alisikiliza mpaka nilipoacha. Kisha akaniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia, kwenye mpunga. Akanieleza kuwa huko Ulaya na Marekani wako wanamuziki, wengi wao bado vijana, ambao miaka hii hii wamechoshwa na muziki uliojaa mambo mengi. Wanachukua sauti chache tamu, wanazirudia, na kinachobadilika kinabadilika polepole mpaka msikilizaji hajui kilibadilika lini. Alisikia santuri za namna hiyo alipokwenda likizo. Alisema wako wanaolia wakizisikiliza, na wako wanaotoka ukumbini kwa hasira wakidai pesa zao. Rozalia, aliyekuwa amekaa mlangoni na mwanawe mgongoni, aliuliza kama na wao pia wana ndege wa kufukuza. Bruda akajibu kuwa ndege hawana, na labda ndiyo maana watu wao hawaelewi.

Nilifurahi, Baba, kujua kuwa wako watu mbali huko, wasionijua wala nisiowajua, wanaotafuta kitu hikihiki. Nilitaka siku hiyohiyo nikuandikie kuwa binti yako hajawa mjinga peke yake.

Bruda akafungua kinanda, akasafisha kutwa, akafunika, akasema kimepona. Nikakaa, nikakanyaga, nikabonyeza cha juu kabisa. Hakikulia. Nikabonyeza cha pili na cha tatu. Nikamwambia kwa adabu kuwa vile vya juu bado vimekufa. Alishangaa. Akaniambia kuwa vile vya juu hakuvigusa kabisa, kwa sababu alivikuta vizima, ni vya chini viwili tu vilivyokuwa na kutu. Nikadhani Kiswahili chake kimemkwaza, nikabonyeza tena na kumwonyesha. Akageuka kumtazama Rozalia.

Rozalia aliinuka pale mlangoni, akaja akasimama kando yangu. Akashika kidole changu na kukiweka juu ya kibonyezo cha mwisho, akakikandamiza na kukishikilia hapo. Sikusikia kitu. Lakini mtoto mgongoni mwake aligeuza kichwa akakitazama kinanda. Mtoto wa miezi ile hana sababu ya kumdanganya mtu.

Sasa umejua, Baba. Kinanda hakikufa. Ni masikio yangu yaliyoanza kuondoka, kuanzia juu. Nilikwenda hospitali mjini Mtwara, na daktari aliniambia kuwa homa na dawa vinaweza kufanya hivyo, na kwamba sauti nyembamba zilizokwenda hazitarudi. Zilizobaki anatumaini zitabaki. Dawa siilaumu, kwa sababu bila hiyo ungekuwa umeshaniombea misa ya wafu. Nilipotoka pale nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Ndege hawakuwa wamenyamaza. Kengele ya baiskeli ya Mzee Shaibu haikuwa imeharibika, ingawa nilimshauri ainunulie mafuta. Watoto wa darasa la kwanza, niliokuwa nawagombeza kuwa wananong'ona, walikuwa wanajibu kwa sauti. Sasa nawaketisha karibu nami, na Mwalimu Mkuu anajua.

Nilimuuliza Rozalia alijua tangu lini. Alisema tangu kwenye mpunga, alipoona ndege wanatua kando yangu nami sigeuki. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alishangaa hasa, akasema alidhani najua, na kwamba kwao aliyekaa mbele yako akiona nafasi haisemi, anaingia tu. Ndiyo maana aliomba tubadilishane upande.

Basi jibu lako ni hili. Siwezi kukikalia kile kiti, Baba. Mabomba yako mapya yatakuwa yanaimba huko juu nami sitajua kama yanaimba au yanapiga yowe. Najua umekiota tangu nilipokuwa sifikii pedali, na inaniuma kukuandikia hivi kuliko ilivyoniuma kwenye ngazi za hospitali. Lakini mtoto mwingine unaye. Esta ana vidole virefu kuliko vyangu, na yale makelele anayofanya na masufuria ya mama yana mwendo sawasawa, msikilize. Mkalishe. Wakisema maneno kuhusu miguu yake, jibu lako la kale bado linafaa. Rula tu ndiyo iache kabatini.

Na wala usinihuzunikie. Sauti zilizobaki zinanitosha, kwa kweli zinanitosha, na nisingejua kuwa zinanitosha kama Mzee Shaibu asingenipeleka kwenye mpunga. Namshukuru Mungu kwa kosa la ile Amina. Nakushukuru wewe kwa sikio ulilonipa, kwa sababu lingekuwa halijafundishwa, lisingejua la kufanya na kidogo lilichobakiwa nacho.

Rozalia na mumewe wanarudi kwao ng'ambo mwezi ujao, kabla ya mvua, kwa kuwa nchi yao imepata uhuru na wazee wao wanawaita. Nimelia na nimefurahi kwa ajili yao. Ameniachia vibao vya dimbila, na upande wake uko wazi. Likizo ya Desemba nakuja navyo Mbinga. Migomba hapo nyumbani haikosi. Fimbo za dimbila ni nene, Baba, hazitaki vidole vinavyokunjuka, zinashikwa kwa ngumi, na mikono ya asubuhi yenye baridi inaziweza. Utashika wewe, mimi nitaingia. Ni sauti tatu tu, na utazirudia mpaka mama atuite kula.

Mfikishie mama salamu zangu na mwambie nguo aliyonitumia imenitosha. Msalimie Padre, na umweleze kwa maneno unayoona yanafaa. Mzee Shaibu anakusalimu, anasema anayemfahamu binti anamfahamu baba, sijui ana maana gani. Rozalia naye anakusalimu kwa heshima zote.

Nikishuka kwenye gari nitafute wewe mwenyewe, usimtume Esta aniite kwa mbali, maana sauti yake iko juu sana. Niite wewe. Sauti yako nzito ya nne naisikia yote.

Mimi mwanao akupendaye,

Yustina Andrea